Usikubali kuambiwa barua pepe zako za zamani zimekufa

Juzi mwenyekiti wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa huko Mbozi alinipigia simu kunishukuru. Mnunuzi wao wa Ujerumani amekubali kwamba aliwaahidi bei iliyokuwa ikibishaniwa, kwa sababu barua yake mwenyewe imepatikana. Nimefurahi mno, na ninaandika haya nikiwa bado na furaha hiyo.

Chama kilikuwa kimekwishahangaika. Fundi mmoja wa mjini aliwasha kompyuta ya ofisi, akafungua Thunderbird, programu yao ya barua pepe, akaona barua chache zisizo na maana, akasema nyingine zimepotea. Akalipwa, akaenda zake. Mwenyekiti, mzee wangu huyo, akashuka kwangu Mwanjelwa, Mbeya, na diski ya kompyuta hiyo ndani ya mfuko wa rambo.

"Mwanangu, wanasema zimekufa."

"Hebu nizione kwanza, mzee wangu."

Faili la Inbox la Thunderbird, lile lisilo na nukta wala herufi za ziada mwishoni mwa jina, lilikuwa zito kupita kiasi. Barua chache haziwezi kuwa na uzito ule. Faili hilo ni la aina ya mbox: barua zote zimepangwa zikifuatana ndani ya faili moja la maandishi, na kila moja inaanza na mstari wenye neno From. Jirani yake, Inbox.msf, ni faharasa tu, liache hapo hapo. Sasa, ukifuta barua ndani ya Thunderbird, maandishi yake hayaondoki saa hiyo hiyo. Yanawekewa alama, hadi siku folda itakapobanwa (compact). Katibu wa zamani alifuta lakini hakubana.

Mutt, programu ya barua pepe ninayoitumia kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, haijali alama hizo, inaonyesha kila kilichomo. Nilinakili faili pembeni, nikafungua nakala:

mutt -R -f Inbox

Hiyo R ni ya kusoma tu, ili usiharibu kitu. Orodha ikajaa. Nikabonyeza l (herufi L ndogo) ili kuchuja, nikaandika ~f, yaani mtumaji, na jina la kampuni ya mnunuzi, zikabaki barua zake peke yake. Ya bei ilikuwemo. Nikaifungua, nikabonyeza h nione vichwa vyote, yaani mistari ya taarifa inayofichwa juu ya barua, na pale palikuwa na mstari huu: X-Mozilla-Status: 0009. Hiyo tisa ni moja na nane: moja ni kwamba imesomwa, nane ni kwamba imefutwa. Mzee aliisoma kwenye skrini kwa sauti, neno kwa neno, hadi jina la aliyesaini.

Mutt ilianzishwa na Michael Elkins mwaka 1995, na mwaka huo nimewahi kurushiwa kama tusi. Nilipokuwa nimeajiriwa, wenzangu walikuwa wakipita nyuma ya kiti changu na kuniuliza kama bado naishi kwenye skrini nyeusi. Iliniuma, na siwezi kusema imekwisha kuuma. Lakini yule fundi mwenye madirisha yake mazuri hakuiona barua, na mimi niliiona.

Kwa hiyo ukitaka kuhamisha barua za zamani, anza kwa kuzifungua na kuzitazama pale zilipo. Watu wengi wanakimbilia kuzihamisha kabla hawajajua kilichomo. Ukisharidhika, weka mstari huu kwenye .muttrc, faili la mipangilio ya Mutt:

set mbox_type=Maildir

Kisha fungua faili lako la zamani, bonyeza T, andika ~A ili kuchagua zote, halafu bonyeza ; na C, uandike =zamani. Mutt itauliza kama iunde kisanduku hicho, kubali. Mimi napenda Maildir kwa sababu kila barua inakaa kwenye faili lake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na kwetu huku unakatika, barua moja inaweza kuharibika bila kuburuza zote. Zilizotoka Thunderbird huenda zikaonekana kama hazijasomwa, usishtuke.

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, chai ya Rungwe, parachichi za Njombe, kahawa ya Mbozi, vyote vinauzwa kwa kuandikiana. Makubaliano yetu yamo ndani ya barua hizi, na tunayakabidhi kwa mtu yeyote mwenye bisibisi. Chama, shule au parokia yako iwe na nakala ya faili hizo kwenye diski mbili, na mmoja wenu ajifunze kuzifungua mwenyewe. Hilo halihitaji digrii wala bando kubwa.

Kwa msomaji wa Makambako aliyeniandikia kuhusu faili la Outlook lenye mwisho wa .pst: hilo Mutt haiwezi kulifungua moja kwa moja. Sakinisha libpst, programu ya kusoma faili za aina hiyo, tumia amri yake ya readpst, itakutolea faili za mbox, kisha endelea kama nilivyoeleza. Kama barua ziko Gmail, Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, inakupa mbox tayari, na lebo zako utazikuta kwenye kichwa cha X-Gmail-Labels. Ukikwama niandikie tena, na unitumie mistari michache ya mwanzo wa faili.