Tiketi zimeisha, lakini usimpe mlanguzi hela

Dada, umesema uko London hadi Jumapili, tiketi za lile onyesho la mwigizaji mmoja zimekwisha, na kuna jamaa anakuuzia mbili kwa bei mara nne. Achana naye. Ukumbi ukiifuta hiyo tiketi, utabaki mlangoni na gauni lako zuri.

Kwani lazima wewe na mumeo mkae pamoja? Wengi hununua viti viwili viwili, hivyo kinachobaki ni kimojakimoja. Fungua ramani ya viti kwenye tovuti ya ukumbi asubuhi, urudie mchana. Viti ambavyo ukumbi umeviweka akiba wakati mwingine huachiliwa siku ileile ya onyesho.

Ukikosa, nenda dirisha la tiketi ukaulize foleni ya tiketi zinazorudishwa. Mimi nilisimama tangu saa kumi jioni, mvua ile ya manyunyu, nikapata kiti nyuma ya nguzo. Mwigizaji akisogea kushoto nabaki na sauti tu! Sikujuta.

Halafu angalia kama kuna ukumbi wa sinema unaolionyesha. Mwaka 2019 Fleabag, onyesho la mwigizaji mmoja la Phoebe Waller-Bridge, lilirushwa moja kwa moja sinemani kutoka ukumbi wa Wyndham's wa London, waliokosa tiketi wakaliona.