Uliza Mwalimu: Radi Imepiga Umbali Gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Jioni moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa kwenye roshani ya gorofa tunamoishi, nikaona umeme ukimulika upande wa Ngong, kisha nikahesabu sekunde 12 kabla ya kusikia ngurumo. Nilizidisha sekunde hizo kwa mita 340, lakini mwenzangu alishikilia kwamba tuzidishe kwa 300, kwa sababu Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi, hivyo sauti huenda polepole. Ni nani kati yetu aliyekosea?
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kayole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ndiyo sahihi, ila hoja ya mwenzako inastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa hata watu wazima huikubali bila kuipima.

Ni kweli kwamba hewa ya Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Hata hivyo, kasi ya sauti hutegemea mambo mawili yanayovutana: jinsi hewa inavyosukuma inapobanwa, yaani kanieneo yake, na jinsi ilivyo nzito kusogezwa. Ukipanda mlimani kanieneo hupungua, lakini uzito wa kila mita ya ujazo wa hewa nao hupungua kwa kiwango kilekile, ikiwa halijoto haijabadilika, na kwa hiyo kasi hubaki palepale. Kinachoibadilisha ni halijoto. Hewa ikiwa nyuzi 0 za Selsiasi, sauti husafiri mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inayoongezeka huongeza takriban mita 0.6. Jioni ya nyuzi 20 hapa Nairobi utapata mita 343, na mchana wa nyuzi 30 kule Mombasa utapata 349. Mwenzako angesema kwamba sauti huenda polepole kidogo Nairobi kwa sababu ya baridi, ningempa alama zote. Lakini kushuka hadi 300 kungehitaji baridi kali kupita kiasi, ya nyuzi 50 hivi chini ya sifuri.

Sasa zidisha 12 kwa 343: ni mita 4,116, yaani kilomita 4 na ushei. Mwanga wenyewe hatuuhesabii muda, kwa sababu husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na umbali huo huumaliza kabla hujapepesa jicho. Jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo mimi naliona tamu zaidi, ni kwamba radi yako haikupiga Ngong hata kidogo. Vilima vya Ngong viko zaidi ya kilomita 30 kutoka Kayole. Ngurumo ya huko ingechukua karibu dakika moja na nusu kukufikia, na kwa kawaida ingekuwa imefifia kabisa njiani. Macho yalikupa upande tu, na saa ndiyo iliyokupa umbali: radi ilikuwa jirani na Buruburu.

Ngurumo hutokea kwa sababu radi huipasha hewa joto la nyuzi 30,000 hivi kwa muda mfupi mno, hewa hiyo ikatanuka kwa kishindo. Njia ya radi huweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, kwa hiyo sauti ya sehemu iliyo karibu nawe hutangulia na ya sehemu za mbali hufuata, na ndiyo maana ngurumo huvuma na kuburura badala ya kulia mara moja. Nakusihi jambo moja: ukihesabu chini ya sekunde 30, ondoka kwenye roshani uingie ndani. Wasomaji wetu wa Kisii wanajua hasara ambayo radi huleta.

SWALI: Mwalimu, binti yangu wa Gredi ya 7 anauliza kwa nini hatusikii mlio wa jua, ilhali anaambiwa linachemka na kulipuka usiku na mchana.
Mzazi, Githurai

JIBU: Sauti ni chembe zinazosukumana, moja ikimgonga jirani yake, na kati yetu na jua hakuna chembe za kutosha kupokezana msukumo huo. Robert Boyle wa Uingereza alichapisha jaribio la namna hii mwaka 1660: alining'iniza saa kwa uzi ndani ya chombo cha kioo, akaifyonza hewa kwa pampu, na mlio wa saa ukafifia hadi usisikike, ingawa saa yenyewe iliendelea kuonekana waziwazi. Mwanga haukuhitaji hewa. Ndivyo mwanga wa jua unavyovuka kilomita milioni 150 na kutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20. Kama njia hiyo yote ingejaa hewa kama hii tunayoivuta, sauti ingehitaji miaka 14 hivi.

Mwambie binti yako alaze sikio juu ya meza ya mbao, nawe ukwaruze upande wa pili kwa ukucha, polepole. Kisha ainue kichwa, ukwaruze vilevile. Mkwaruzo uliokuwa mkubwa sikioni mwake utakuwa hausikiki sana, kwa kuwa mbao huubeba vizuri kuliko hewa. Na akiuliza kuhusu chuma, mwambie humo sauti hufikia takriban mita 5,000 kwa sekunde.