Kuongeza nafasi ya diski kwenye Linux: kila komandi na mambo yake

Jamani hizi komandi za diski kwenye Linux sijui waliozitengeneza waliwahi kukaa meza moja, maana unajifunza hii vizuri kabisa ukihamia ile ya pili unakuta mambo yamegeuka.

Anza na fdisk na parted, komandi za kugawa diski kuwa patisheni, yaani sehemu sehemu. Kwenye fdisk unaweza kufuta patisheni zote ukajuta ukabonyeza q ukatoka na hakuna kilichoharibika, mpaka ubonyeze w ndo inaandika. Sasa mtu aliyezoea hivyo akiingia parted ameumia, parted inaandika hapohapo ukipiga enta, haikusubiri.

Ukija LVM, ule mfumo wa kugawa nafasi ya diski kuwa volyumu unazoweza kutanua na kupunguza, ndo usiseme. Herufi -L kubwa ni saizi, -l ndogo ni idadi ya vipande, na kipande kimoja kwa kawaida ni MiB 4, kwahiyo ukitanua volyumu kwa lvextend -l +10 inakupa MiB 40 tu wakati wewe ulitaka giga 10. Halafu kuna alama ya kutoa mbele ya namba. Kwenye lvreduce ukiandika -L -10G unapunguza giga 10, ukiandika -L 10G unaiambia volyumu yote ibaki giga 10, na kama ilikuwa 100 na data imejaa, pole sana. Mimi hiyo komandi naisoma kwa sauti kabla ya enta, watu wacheke tu.

Ukishaongeza volyumu bado df, komandi ya kuangalia nafasi, itakuonyesha saizi ileile ya zamani, usishtuke, mfumo wa mafaili wenyewe, yaani ext4, XFS au btrfs inayopanga mafaili ndani ya volyumu, haujatanuliwa. Na hapo napo, resize2fs ya ext4 inataka jina la kifaa, kitu kama /dev/data/picha, ila xfs_growfs ya XFS inataka pale ulipoimaunti, yaani folda unayoifungulia volyumu, na btrfs nayo inataka ulipoimaunti ila saizi inatangulia: btrfs filesystem resize max /picha. Ndo maana kwa ext4 na XFS mimi siku hizi natumia lvextend -r, inatanua vyote viwili kwa mpigo, ila kwanza napiga lsblk -f nijue nacheza na mfumo upi.

Na usigawe nafasi yote na +100%FREE siku ya kwanza, hasa kama ni XFS, kutanua ni dakika moja lakini kuipunguza kama unavyopunguza ext4 usitegemee, utaishia kufanya bekapu, kufomati na kurudisha mafaili upya.