Sitakwambia uwafikirie wanaolala nje

Mleta mada nimesoma andiko lako lote, umesema una chumba kimoja Buza, choo mnashea wapangaji sita, wenzako uliomaliza nao chuo wameshajenga, na kila ukijaribu kushukuru unaona kama unajidanganya, ukauliza shukrani inatoka wapi. Wengi waliotangulia wamekujibu "fikiria wanaolala nje". Mi hilo sitakwambia, kwa sababu nishawahi kuwa huyo wa nje anayefikiriwa na wenzake.

2011 tulikua tumepanga Jangwani hapa Dar, bondeni kabisa, mi na mama na mdogo wangu wa kiume. Watu wanapenda kuuliza mlifuata nini bondeni wakati mnajua Mto Msimbazi unajaa. Kodi ilikua rahisi na Kariakoo unaenda kwa mguu, basi. Mama alikua anauza chapati na maharage asubuhi sokoni, angekaa mbali nauli ya kwenda na kurudi ingekula faida yote, yani ile nauli asiyolipa ndo ilikua mboga yetu ya usiku.

Jumanne ya tarehe 20 Desemba, hata wiki mbili hazijapita tangu nchi isherehekee miaka 50 ya uhuru, maji yakaingia ndani. Baadae watu wa hali ya hewa walisema Dar haijaona mvua kama ile tangu 1954, lakini sisi tulianza kama siku zote, tukaziba chini ya mlango kwa magunia, tukapandisha vyombo kitandani tukasubiri yapungue. Hayakupungua, yakaja na upande wa nyuma, kitanda chenyewe kikaanza kuelea na vyombo juu yake. Mama akachukua kibubu na mfuko wa vyeti, mi nikambeba mdogo wangu mgongoni tukapanda kwenye bati la nyumba ya jirani tukakaa pale mpaka jioni na mvua yetu. Wiki ile jijini walikufa watu kama 40. Mmoja tulikua tunachota nae maji bomba moja.

Tukapelekwa kulala shuleni, maana ilikua likizo madarasa yako wazi. Chakula kililetwa, nguo zililetwa, watu walijitoa kwakweli na Mungu awalipe. Siku moja akaja mama mmoja na mtoto wake wamebeba mafurushi ya nguo, wakati wanagawa akamwinamia mtoto akamwambia, "Umeona? Ndo maana nakwambiaga ushukuru kwenu." Hakua na nia mbaya, nina uhakika. Ila mama yangu alikua amekaa pale chini anachambua mchele, akainamisha kichwa na hakukiinua mpaka wale wameondoka. Sisi tulikua somo la yule mtoto, na tumekaa hapohapo tunasikia.

Tangu siku ile simwambii mtu ashukuru kwa kumwangalia mwenye shida. Kwanza yule unayemwangalia anajua. Halafu haidumu, leo umemuona wa hemani umejisikia una nyumba, kesho unapita Mbezi Beach unaona mageti unarudi kulekule ulikokua.

Sa unauliza shukrani inatoka wapi. Mi yangu ilitoka kwenye vitu nilivyovikosa, na sio vile nilivyodhani. TV yetu ilikwenda na maji na sikuwahi kuililia. Nilichokililia ni mlango. Darasa moja familia kama kumi, kubadilisha nguo mpaka mama anizungushie khanga, kuoga unaamka saa kumi usiku kabla watu hawajaamka, na ukiwa kwenye siku zako dada zangu mnaelewa, unafua kitambaa halafu unakianika wapi mbele ya baba za watu? Au unataka kulia tu. Kulia nako kumbe kunataka mlango.

Januari shule zikakaribia kufunguliwa, baadhi ya majirani wakahamia Mabwepande kwenye mahema na viwanja walivyopewa na serikali, sisi wapangaji tukaenda kwa shangazi Mbagala. Tulikaa miezi minane. Shangazi hakutusema hata siku moja, namuombea dua mpaka leo, ila kwa watu ni kwa watu. Unaamka kabla ya mwenye nyumba ukunje mkeka sebule iwe sebule. Kichwa kinauma saa sita mchana unajikaza kwa sababu pa kujilaza ni pale wageni wanapokaa. Hamu ya chai saa nne usiku unaimeza, huwezi kuwasha jiko la mtu usiku. Mama alikua anasema "nimeshiba" nikimwangalia najua hajashiba.

Septemba 2012 tukapata chumba Charambe, elfu 30 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi, laki moja na themanini, tukaikusanya kwenye kibubu kilekile na pesa zangu za upatu. Chumba hakina plasta, taa moja. Ndoo hatuna, godoro hatuna, mama kitu cha kwanza akamtuma mdogo wangu dukani akanunue komeo. Likapigiliwa. Akalifunga, akalifungua, akalifunga tena, halafu saa kumi na mbili jioni kunguru bado wanalia nje akasema "jamani mi nalala", akajilaza kwenye mkeka na khanga yake. Aliamka kesho yake saa tatu asubuhi. Mama yangu mtu wa kukanda unga saa tisa usiku miaka yote, sijawahi kumuona amelala vile kabla wala baada.

Kwahiyo ndugu yangu wa Buza, angalia komeo lako. Unafunga mwenyewe ukiwa ndani, ukiumwa unalala mchana hakuna wa kukuuliza, chai unapika muda unaotaka hata kama ni kwa jiko la mchina kwenye kona. Hivyo vitu ni vyako, huhitaji kumtafuta aliyekosa ili uvione. Na kutaka kujenga sio kukufuru, usijisikie vibaya, mi nilishukuru kile chumba huku naweka hela ya tofali, vyote viwili kwa pamoja.

Ukifikia kununua kiwanja nenda ukakione mwezi wa nne, usikione kiangazi na dalali. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za majirani, waulize wazee wa pale maji yanapita wapi, mto hausahau njia yake hata ukae kimya miaka kumi. Jangwani kwenyewe siku hizi nyumba nyingi zimevunjwa kupisha mradi wa kuzuia mafuriko bonde la Msimbazi, nikipita pale kwa mwendokasi natafuta kwa macho tulipokua tunakaa na sipapati.

Leo nipo Chanika na mama, vyumba viwili, nilihamia 2019 likiwa pagale, madirisha nimeziba kwa maboksi na nailoni. Vigae sina mpaka leo. Silingibodi ipo chumba cha mama tu. 2022 ule mgao wa maji mto Ruvu uliposhuka nilikua na simtanki langu la lita elfu moja limejaa, majirani wakaja na madumu nikawaambia chota tu, na nilivyosema "chota tu" sauti ikanikwama kidogo, sikuwahi kuwa na kitu cha kumwambia mtu hivyo.

Mvua ikipiga bati usiku bado naamka. Nashusha mkono chini kabla ya kuwasha taa, nagusa saruji. Mama nae chumba cha pili anakua ameshaamka, namsikia anauliza kwa sauti ya chini, "Kukavu?"

"Kukavu mama, lala."