Sentimita Nne Zinazolinda Nyumba Yako

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi zege lenye nondo linavyozeeka, hasa huku kwetu pwani. Miaka yote hiyo maabara, na bado somo lililonikaa zaidi nililipata nyumbani kwa mama mdogo, Kigamboni.

Alinipigia simu akasema plasta ya chini ya roshani inabanduka, na kila ikipigwa rangi inabanduka tena. Nilipofika nikamwamkia, nikaweka ngazi, nikagonga na nyundo. Zege lilitoa mlio wa debe tupu. Pigo la tatu kipande cha ukubwa wa sahani kikaanguka, na nondo ikaonekana: nyekundu ya kutu, imevimba, inamenyeka magamba. Nilipima lile zege lililokuwa limeifunika. Milimita 9.

"Nondo nilinunua mwenyewe, mwanangu," akasema. "Na saruji sikubania."

Alisema kweli, na ndiyo maana niliumia. Pesa aliitoa yote inavyostahili. Kilichokosekana ni nondo kukaa mahali pake siku ya kumwaga.

Zege jipya lina alkali kali, pH inazidi 12, na alkali hiyo huivika nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Hewa ya ukaa huingia polepole na kuimaliza alkali hiyo. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi, kwa kuwa hutoboa utando hata alkali ikiwa bado ipo. Kutu ikianza, hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi, na zege likisukumwa kutoka ndani hupasuka.

Maabara tunapasua kipande cha zege na kukipulizia dawa iitwayo fenolfthaleini. Penye alkali panageuka waridi iliyokoza. Palipoingia hewa panabaki kijivu. Huwa naangalia ule mstari kati ya rangi mbili, nione umeikaribia nondo kiasi gani. Mstari huo hupunguza mwendo kadiri unavyoingia ndani. Kwa hiyo zege la juu ya nondo likiwa nene mara mbili, hewa itachukua takriban mara nne ya muda kuifikia. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza nikiona nondo imelala juu ya mbao za kumwagia zege.

Tengeneza biskuti, yaani vipande vya kuinua nondo juu ya mbao, kabla ya siku ya zege. Tandaza mchanganyiko mzito wa saruji na mchanga kwa unene wa milimita 40, kata vipande, chomeka waya wa kufungia, vikikauka viloweke maji wiki nzima. Kwa sehemu za nje karibu na bahari mhandisi wako anaweza kutaka 50, mfuate. Usikubali kokoto ziwekwe badala ya biskuti, maana zinateleza nondo zikikanyagwa. Kwenye roshani inayoning'inia, nondo zinazobeba mzigo ni zile za juu. Mafundi wakizikanyaga kwa toroli, nondo hizo zikazama, roshani imepoteza nguvu zake hata kama hakuna nondo iliyopungua. Zishikilieni kwa nondo zilizokunjwa mfano wa viti.

Halafu maji. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, yaani ndoo kubwa moja na robo, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu, na humo ndimo chumvi hupita. Nilipomwambia hivyo fundi wetu, mzee aliyenizidi umri kwa mbali, akanijibu, "Kijana wangu, zege kavu hivi litaacha mapango." Alikuwa sahihi. Zege zito bila kushindiliwa huacha nondo wazi kabisa. Tukakodi vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishindiliwe, maji yakabaki pale pale. Mwulize fundi wako anachokiogopa kabla hujamkatalia. Mara nyingi ana sababu.

Mchanga wa ufukweni usiutumie, hata ukipewa bure. Na zege lifunikwe magunia yaliyolowa kwa siku 7 zisizopungua. Kulimwagia maji asubuhi na kuliacha likaukie juani mchana kutwa hakutoshi.

Ile roshani tuliivunja, kwani nondo zilikuwa zimeliwa mno. Siku ya kumwaga mpya mama mdogo aliamka kabla ya mafundi. Nilikuwa nimemkatia kipande cha mbao cha milimita 40, na alikipitisha chini ya kila nondo, moja baada ya nyingine, kanga imefungwa kiunoni. Kilikwama mara mbili. Mara zote mbili fundi mzee aliinama mwenyewe, akaongeza biskuti, akamwambia, "Pima tena, mama."