Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Ndege za Kijeshi za Uchukuzi Hufanya Kazi Gani?

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya mbili tu, habari za ndege za kijeshi zinazobeba mizigo, na barua zilizotufikia baadaye zimezidi nafasi tuliyo nayo. Tumechagua sita. Kwa kuwa wengi wenu mmeuliza juu ya vikosi na majukumu yake, nimeona afadhali nikishike kituo kimoja kinachojulikana vizuri, yaani Dover katika jimbo la Delaware nchini Marekani, kuliko kurukaruka kutoka nchi moja hadi nyingine.

*Ndugu Mhariri, ninaishi Kitooro, Entebbe. Kila ndege kubwa ya kijivu inapopita juu ya paa letu, mwanangu huniuliza imebeba mabomu mangapi. Nikimwambia kwamba hiyo ni ya mizigo, haniamini. Je, ni kweli kuna kituo kizima cha jeshi ambacho kazi yake ni kubeba tu? Na ndani yake mna vikosi gani?*
— Mzazi, Kitooro

Ni kweli, dada yangu. Ndege zenye makao yake Dover ni za aina mbili, C-5M na C-17, na zote mbili zilibuniwa kwa ajili ya kubeba: magari, vyakula, dawa, askari, helikopta zilizokunjwa mapanga, hata vifaru.

Kikosi mwenyeji wa kituo hicho ni kile ambacho Wamarekani hukiita bawa, nami nitaliacha jina hilo kama lilivyo: Bawa la 436 la Uchukuzi wa Anga. Bawa hugawanywa katika makundi, na makundi katika skwadroni. Kundi la operesheni ndilo lenye marubani. Chini yake kuna Skwadroni ya 9, inayorusha C-5M, na Skwadroni ya 3, inayorusha C-17. Kundi la matengenezo lina mafundi wa injini, wa magurudumu, wa umeme na wa mabati. Lipo pia kundi la kukitegemeza kituo chenyewe, ambalo hushughulikia ulinzi, ujenzi na mahitaji ya kila siku, na lipo kundi la tiba.

Mwanao bila shaka atataka kusikia habari za marubani. Hata hivyo, mtu akisimama langoni mwa kituo kama hicho asubuhi na kuwahesabu wanaoingia kazini, marubani watakuwa wachache mno kati yao. Walio wengi ni wale ambao hawatapanda ndege siku hiyo: wa kupima mizigo, wa kuendesha foklifti, wa kujaza mafuta, wa kubadilisha matairi. C-5 moja ina magurudumu 28, na kila moja lina mtu wa kulikagua.

*Ndugu Mhariri, katika jeshi tulilolitumikia sisi, kikosi kisicho na vifaa vyake ni kikosi cha karatasi. Nasikia Dover kuna mabawa mawili lakini ndege ni zile zile. Jambo hili linawezekanaje?*
— Sajenti mstaafu, Masindi

Afande, umesikia sawa. Pamoja na Bawa la 436 lipo Bawa la 512, ambalo ni la jeshi la akiba. Hilo nalo lina skwadroni zake, ya 709 kwa C-5M na ya 326 kwa C-17, lakini huzirusha ndege za Bawa la 436. Wengi wa watu wake wana kazi za kiraia. Huvaa sare kwa siku zilizopangwa, au wanapoitwa.

Sababu yake ni ya hesabu. Ndege ni ghali kuliko kitu kingine chochote kituoni, lakini haichoki kama anavyochoka mtu. Wakati wa amani marubani wa kudumu wanaitosheleza. Vita vinapozuka, ndege ile ile inaweza kuruka usiku na mchana mradi kuna watu wengine wa kuipokea pale wa kwanza wanapokwenda kulala. Mwenye teksi ya Kampala anayempa dereva mmoja zamu ya mchana na mwingine zamu ya usiku hahitaji kufundishwa jambo hili.

*Ndugu Mhariri, mimi hupakia matoke Mbarara kuyapeleka Kampala kwa Fuso. Tukishafunga kamba, tunamwachia Mungu na dereva. Hawa wenzetu wa angani huufungaje mzigo usisogee?*
— Mpakiaji, Mbarara

Swali lako ndilo nililolifurahia kuliko yote, maana hapo ndipo ulipo moyo wa kazi yenyewe.

Mzigo wa kawaida hauingizwi ndani ya ndege kipande kwa kipande. Hupangwa kwanza ghalani juu ya paleti, sinia la bati la alumini lenye ubao mwepesi katikati yake, ambalo upana wake ni mita 2.24 na urefu wake mita 2.74. Kingoni mwake kuna pete 22. Masanduku mazito hukaa chini, mepesi juu; kisha hufunikwa kwa plastiki ili mvua isiingie, na baada ya hapo huvishwa nyavu tatu, mbili za ubavuni na moja ya juu, zinazokazwa kwenye pete hizo mpaka rundo zima liwe kama jabali moja. Paleti moja haitakiwi kuzidisha kilo 4,500 hivi. Hupimwa, na uzito wake huandikwa. Sakafu ya ndege ina magurudumu madogo yanayozunguka, kwa hiyo paleti husukumwa ndani kama droo ya kabati, halafu vishikizo vya pembeni huibana mahali pake.

Hapo ndipo anapoingia msimamizi wa shehena, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu wa kuheshimiwa kuliko wote ndani ya ndege hiyo. C-17 huruka na watu watatu tu kwa safari ya kawaida, marubani wawili na yeye. Ni lazima ajue kila paleti ina uzito gani na itakaa wapi, kisha atafute kitovu cha uzito cha ndege nzima. Kitovu kikienda mbele mno, pua itakataa kuinuka. Kikirudi nyuma mno, ndege itainua pua hata rubani asipotaka. Fuso yako ikielemea nyuma, usukani huwa mwepesi na dereva anakulaumu wewe. Angani hakuna bega la barabara la kusimama na kupanga upya.

Magari hayawekwi juu ya paleti. Hufungwa moja kwa moja sakafuni kwa minyororo, na kila mnyororo una nguvu yake inayojulikana na pembe yake ya kuvutwa. Mnyororo uliosimama wima mno huzuia gari lisirukeruke, lakini hauzuii lisiteleze. Tarehe 29 Aprili 2013, ndege ya kiraia ya mizigo aina ya Boeing 747, iliyokodiwa kulichukulia jeshi la Marekani magari matano ya deraya, iliruka kutoka Bagram, Afghanistan, na kuanguka mara baada ya kuacha njia ya kurukia. Watu wote saba waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba magari hayakufungwa ipasavyo. Angalau moja lilirudi nyuma, likaharibu mitambo ya haidroliki na sehemu inayoongoza ubawa wa mkiani, na kuanzia hapo marubani hawakuwa na namna ya kuirudisha pua chini. Ndugu yangu, kamba zako za katani na minyororo yao ni ndugu wa baba mmoja.

Nimalizie kwa jambo ambalo mpakiaji yeyote angelitamani. C-5 huinua pua yake yote juu kama mdomo wa kiboko, na hupiga magoti, yaani miguu yake hujishusha mpaka sakafu inakaribia ardhi. Gari huingia kwa mlango wa nyuma na kutokea kwa mbele bila kurudi kinyumenyume.

*Mhariri, shikamoo. Kama C-5 hubeba mzigo mkubwa hivyo, kwa nini jeshi lisiwe na hiyo peke yake? Na ni nani huamua ndege iende wapi?*
— Mwanafunzi, Makerere

Marahaba. C-5M huweza kubeba tani 127 hivi, C-17 tani 77, na C-130J, ambayo haina makao Dover, karibu tani 20. Ukiyatazama hayo peke yake, C-5 imeshinda. Lakini C-5 huhitaji uwanja mrefu, mpana na wenye nafasi ya kuegesha, ilhali C-17 iliundwa iweze kutua kwenye njia yenye urefu wa mita 1,060 hivi na upana wa mita 27, na huweza kujirudisha nyuma kwa injini zake yenyewe. C-130 nayo hushuka hata kwenye udongo ulioshindiliwa. Kwa hiyo ndege kubwa huvuka bahari, na ndogo hupokea na kuusambaza mzigo. Usisahau pia kwamba vifaa vingi vya vita, kwa uzito, husafiri kwa meli. Ndege huchukua kile ambacho hakiwezi kungoja.

Kuhusu maamuzi: kamanda wa Dover hajiamulii safari. Amri hutoka katika kituo cha Scott, jimbo la Illinois, kwenye makao makuu ya Kamandi ya Usafirishaji wa Anga, iliyoundwa tarehe 1 Juni 1992. Wapangaji wa huko hulinganisha maombi, ndege zilizo nzima, wafanyakazi waliopumzika na ruhusa za kupita katika anga za nchi nyingine. Hili la mwisho si dogo. Mwaka 1973, Marekani ilipoipelekea Israeli zaidi ya tani 22,000 za vifaa kwa ndege, nchi nyingi za Ulaya zilikataa kuzipokea ndege hizo, na ilibidi zipitie Lajes, katika visiwa vya Azores vya Ureno. Baada ya hapo mafunzo ya kujaza mafuta angani yalipewa uzito ambao hayakuwa nao.

*Ndugu Mhariri, marehemu mume wangu alikuwa askari. Nimesikia kwamba Dover ndiko wanakopokelewa waliofia vitani. Naomba unieleze.*
— Mjane, Jinja

Pole sana, mama. Ni kweli. Dover ndipo ilipo nyumba ya maiti ya jeshi la Marekani inayowapokea wote waliofia ng'ambo, na hakuna nyingine ya namna hiyo katika Marekani bara. Marehemu hufika ndani ya kasha la alumini lililopakiwa barafu na kufunikwa bendera, na askari wa tawi lake wenye glavu nyeupe hulibeba kutoka ndani ya ndege mpaka kwenye gari, kimya, bila hotuba. Familia inaweza kuwapo. Kwa miaka mingi waandishi wa habari walikatazwa kupiga picha. Tangu mwaka 2009 uamuzi umeachiwa familia yenyewe, nami naona hapo ndipo ulipostahili kuwa tangu mwanzo.

Kazi hiyo imepita mipaka ya vita. Miili ya zaidi ya watu 900 waliofia Jonestown, Guyana, mwaka 1978 ilipelekwa huko, na vivyo hivyo wanaanga saba wa chombo cha angani cha Challenger mwaka 1986.

*Mhariri, je, Entebbe yetu ni kituo cha namna hiyo?*
— Mwalimu, Mukono

Kuna kufanana na kuna tofauti. Entebbe pana makao makuu ya jeshi letu la anga, na pana kambi kubwa ya ugavi ya Umoja wa Mataifa inayozihudumia operesheni za eneo hili, lakini haina kundi la ndege nzito na vikosi vyake vya kudumu kama Dover. Sifa yake ni nyingine: ni mahali pa kupokezana mizigo.

Watu wakitaja Entebbe na ndege za kijeshi hukumbuka Julai 1976, Waisraeli walipokuja na ndege nne za Hercules, yaani C-130, kuwachukua mateka, wakaondoka na watu 102 na kujaza mafuta Nairobi. Kwa somo letu, mwaka 1994 unafundisha zaidi. Wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, uwanja wa huko haukuwa na nafasi ya kuegesha ndege nyingi kwa wakati mmoja. Wamarekani waliifanya Entebbe kuwa kitovu cha misaada: ndege kubwa zilishusha hapa, na mizigo ikasonga mbele kidogo kidogo hadi Goma na Kigali. Kazi hiyo ilihitaji lami ndefu, mafuta ya kutosha, ghala, na watu wa kushusha paleti moja kabla ya nyingine kufika.

Na hapa namrudia mzazi wa Kitooro. Mwambie mwanao aanze na rangi: ndege za Umoja wa Mataifa hupakwa nyeupe na herufi kubwa nyeusi za UN, na zile za kijivu ni za majeshi. Kisha azitazame mabawa. Yakiwa juu ya mgongo wa ndege na tumbo likiwa karibu na ardhi, ndege hiyo imeundwa ili lori liweze kuifikia sakafu yake.