Dada, futa hiyo "mwanangu ana ADHD" kabla ya Alhamisi

Dada yangu samahani sikusalimii, nimesoma posti yako nikiwa nishalala nikainuka. Binti ana miaka 7, mwalimu anasema anaota darasani, ukimwita wakati mwingine haitiki, umejaza dodoso la mtandaoni la ADHD (ile hali ya mtoto kushindwa kuzingatia na kutulia) umepata 17 kwa 20, Alhamisi unaonana na daktari, na unauliza umwambie akuandikie dawa gani, shule uwaambie nini, sukari uikate au la, na bibi yake anayesema umemdekeza umjibuje. Afu ukamalizia "mi nishajua ni ADHD, nataka tu karatasi".

Hapo kwenye "nishajua" ndo mi nilipokaa miezi 14.

Usiende na jina la ugonjwa, nenda na video ya anavyozubaa. Ningeishia hapa ila najua hutanisikia, mi mwenyewe shemeji yangu aliniambia nikaona anajifanya daktari.

Wa kwangu ni wa kiume, alikuwa na miaka 6 ilipoanza, au ilianza kabla, sijui, maana hatukuwa tunaangalia, tulikuwa tunakasirika. Unamwambia vaa viatu, anakutazama tu. Unarudia kwa sauti, anatazama ukuta nyuma yako kama kuna mtu kasimama pale, afu ghafla anavaa kiatu kama hakuna kilichotokea. Nikaona huyu ananipima. Mwalimu naye kwenye ripoti kaandika "ana akili ila hayupo". Hayupo! Mwalimu wa watu alitoa jibu kamili kwa neno moja na sisi tukalisoma kama malalamiko.

Ndo nikamkuta yule jamaa wa malezi wa mtandaoni. Simtaji. Ana sauti nzuri, ana ubao mweupe nyuma yake, na ujuzi wake wote wa watoto ni kwamba anao wawili (mi ninao watatu, kwa hiyo ilitakiwa mi ndo nimuuzie kozi). Wiki 6. Wiki ya kwanza unajaza dodoso, ukimaliza linakwambia mwanao ana "ADHD ya ukaidi", kitu ambacho nimekuja kujua baadaye hakipo popote duniani. Wiki ya pili unafundishwa: mtoto asipoitika hesabu moja mpaka tatu, usimguse, usirudie neno, kisha adhabu ije palepale. Na chati ya nyota ukutani, akitii unabandika, asipotii unabandua.

Moja mpaka tatu ni sekunde tatu. Mwanangu alikuwa anaondoka sekunde tisa, kumi. Nikifika tatu bado hayupo, nabandua, anarudi anakuta baba kanuna na nyota imepungua na hajui kakosa nini, maana kwake yeye hakuna muda uliopita, nilikuwa nasema "vaa vi" na papo hapo nina hasira. Nilikuwa namnyang'anya mtoto nyota kwa sababu ya umeme wa ubongo. Miezi mitano. Mbele za watu huwa naisimulia kama kichekesho.

Afu akaanza kusema samahani. Hovyo tu, tumekaa kimya, au yuko anachora, unasikia "samahani baba". Mke wangu akasema ona, anapata adabu, kozi inafanya kazi. Mi nikaingia kwenye ukurasa wa yule jamaa nikampa nyota tano (nyota tano bana, na mwanangu siku hiyo alikuwa nazo mbili). Leo ndo naelewa kwamba kila alipokuwa anarudi alikuwa hajui amekuwa wapi wala kimetokea nini ila anajua mara nyingi akirudi kuna mtu kakasirika, basi anaomba msamaha kabisa kabla hajaulizwa.

Lakini kozi ilikuwa utangulizi, kosa lenyewe nililifanya kwa daktari na ndo hilo unaloliendea Alhamisi. Niliingia na dodoso nimelichapisha, mistari nimeipiga rangi, nikakaa nikasema sentensi yako hiyohiyo. Daktari akauliza anashindwa kuzingatia? Ndiyo. Anasahau ulichomwambia? Ndiyo. Anaonekana kama hasikii ukiongea naye moja kwa moja? Ndiyo, ndiyo. Yote kweli tupu, sikudanganya hata moja. Ila sikusema hata mara moja kwamba anasimama katikati ya neno. Sikusema inaanza ghafla na inaisha ghafla. Sikusema hayo kwa sababu nilishayafunga yote ndani ya neno "ukaidi", na mtoto mwenyewe siku hiyo kakaa kwenye kiti ametulia, na dakika zilikuwa kama kumi.

Na hapa ndo uelewe kwa nini naanza kupandisha sauti. ADHD haina kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kuithibitisha. Wanaitambua kwa historia: dalili zimedumu angalau miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, zinaonekana sehemu zaidi ya moja, sio shule tu au nyumbani tu, na wanatakiwa waangalie kama hakuna kitu kingine kinachofanana nayo. Historia inatoka wapi? Kwako! Maneno yako ndo kipimo chenyewe. Mi nilikipeleka kipimo kikiwa nimeshaandika majibu juu yake, afu nikashangaa majibu yametoka vilevile.

Daktari naye simwachi. Swali moja tu, "akizubaa inachukua muda gani na ukimgusa anashtuka?", lingemaliza kazi. Hakuuliza. Aliona baba kaja na karatasi zenye rangi akaona afadhali aokoe muda. Tukapewa dawa ya umakini. Na mi, kwa sababu nilishaamua, nikaanza kuiona inafanya kazi! Kila mtu akiuliza nasema katulia, hata hamu ya kula ilipopungua nikasema ndo kutulia kwenyewe. Ikaongezwa dozi. Mwalimu anaandika bado hayupo, mi namwambia mke wangu mwalimu huyu hampendi mtoto.

Siku moja tunavuka barabara, nimemshika mkono, katikati akasimama. Gari linakuja. Nikamvuta mpaka bega likamuuma, nikamgombeza njia nzima, na yeye analia anasema sikusimama baba. Shemeji yangu alikuwa nyuma yetu. Tulipofika nyumbani akasema mbona kope zake zilikuwa zinachezacheza, kamrekodini siku moja. Nikamwambia asante daktari.

Mke wangu ndo akakumbuka kuna video. Mtoto anatuimbia kitu cha shuleni kuhusu kipepeo, na kwenye video anasema "kipe", anakatika, macho yamepanda kidogo, kope zinachezacheza, mkono umebaki hewani, sekunde tisa, afu "peo". Anamalizia neno. Hashtuki wala hajui. Na nyuma unasikia sauti za watu wazima wanacheka, sauti kubwa kuliko zote ni yangu. Tuliona kasahau maneno, tukaituma kwenye grupu la familia na vikatuni vya kucheka. Ilikuwa kwenye simu miezi minne, miezi minne jibu tunatembea nalo mfukoni huku tunabandua nyota.

Tukaenda kwa daktari mwingine, wa neva za watoto. Safari hii nilikatazwa na mke wangu kufungua mdomo. Akaangalia video mara mbili, akampa mtoto kifeni cha karatasi akasema puliza, puliza bila kuacha. Wanaita kupumua kwa kasi, wanafanya mpaka kama dakika tatu, maana kwa watoto wenye kifafa cha aina hii kupumua hivyo mara nyingi kunaliamsha tukio palepale. Haikufika dakika mbili, kifeni kikasimama. Mtoto kaondoka mbele ya macho yetu, daktari anahesabu kimya, akarudi, akaendelea kupuliza. Afu mtoto akatuangalia akasema "samahani".

Nilitoka nje kidogo, nikasema naenda chooni.

Kinaitwa absensi, kifafa cha kuzubaa, zamani wakikiita petit mal. Hakuna kuanguka wala povu, ndo maana hakuna anayekiona. Mara nyingi ni sekunde 5 mpaka 20, kinaweza kuja mara nyingi sana kwa siku moja, na kwa kawaida huanza kati ya miaka 4 na 10. EEG, kile kipimo cha waya kichwani kinachosoma umeme wa ubongo, ikaonyesha mawimbi yake, karibu matatu kwa sekunde. Na EEG sio kitu kipya jamani, Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, mi karne nzima baadaye nikachagua ubao mweupe wa jamaa wa kwenye simu.

Na usifikiri ukishasema "kifafa" basi umemaliza, hata humo ndani jina la jumla linaweza kukuponza, maana kuna dawa inasaidia aina nyingine za kifafa, kabamazepini kwa mfano, ila kwa absensi inaweza kuyazidisha matukio. Ndo maana swali lako la "nimwambie aandike dawa gani" limenitoa jasho. Usimwambie aandike chochote!

Sasa kabla hamjanirukia: SIJASEMA binti yake ana kifafa. Watoto wengi wanaozubaa wanazubaa tu, wanawaza mambo yao, na wengine kweli wana ADHD, hasa wasichana wa aina ya kimyakimya ambao wanachelewa kugundulika kwa sababu hawarukiruki. Na kuna wenye vyote viwili. Au hasikii vizuri, masikio yamepimwa? Mi siwezi kujua, na wewe pia huwezi, hilo ndo nalolisema toka juu.

Kwa hiyo mpaka Alhamisi simu iwe karibu. Akianza kupotea rekodi uso na mikono, usikate anaporudi, endelea nusu dakika. Wakati hayupo mguse bega, mwite jina, afu mtajie neno moja la ajabu, kiboko, sufuria, lolote, akirudi muulize nimesema neno gani. Anayeota ndoto za mchana mara nyingi ukimgusa anarudi, mwenye absensi kumgusa hakumrudishi, atarudi muda wake ukifika. Kama inazidi nusu dakika, au anatafunatafuna midomo, anachezea nguo, akirudi kachanganyikiwa au anataka kulala, rekodi hilo pia na ulitaje, hiyo ni habari nyingine. Andika saa na muda kwa sekunde, sio "muda mrefu", mi niliapa zilikuwa dakika mbili. Na mkipimwa EEG ikatoka safi usiiage hapohapo, uliza kama alipulizishwa na kama alilala, kipimo kinasoma kile tu kilichotokea wakati waya ziko kichwani.

Ukiingia ndani anza hivi: "naomba uangalie hii". Basi. Akikuuliza unadhani ni nini, hapo ndo umtajie ADHD, na dodoso lako umpe mwishoni. Na kama mtoto atakuja kupata tukio la kukakamaa au kutetemeka likapita dakika 5, usirekodi kitu, hiyo ni dharura kimbia.

Uliuliza nini tena... sukari, hapana, sukari hailetei mtoto ADHD, mpunguzie kwa ajili ya meno. Shule, mwambie mwalimu badala ya "anaota" aandike saa ngapi na alikuwa anafanya nini. La bibi sina jibu, wa kwetu bado anasema ni mimi nilimkazia sana, na kwa hili moja siwezi kubishana naye.

Mnaouliza anaendeleaje: dawa ilibadilishwa, matukio yameisha kwa macho yetu, wengi kifafa hiki huwaacha wakikua lakini sio wote na yeye hatujui yuko kundi gani. Umakini darasani bado unasumbua. Daktari anasema inawezekana ADHD ipo kweli chini yake, tusubiri tuone. Nimeshindwa hata kucheka. Hii safari sijajaza dodoso, nina daftari.

Ah na kingine dada, kabla ya Alhamisi, asioge kwenye maji ya kina peke yake na mlango wa bafu asifunge komeo. Kuanzia usiku wa leo.